Sare ya harusi imeupasua ukoo wetu. Siasa iliingia lini mpaka jikoni?

Mkaa Barazani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mimi chai yangu iko hapa na leo duka limelala.

Mtoto wa ami yangu anaolewa mfungo saba. Ukoo wetu umetawanyika: wengi wako Wete na Chake, wengine Unguja mjini, sisi wachache tuko Kariakoo na viduka vyetu, na wawili wako Muscat. Likafunguliwa gurupu la WhatsApp la harusi, watu 74. Mchango ukaenda vizuri, ng'ombe akapatikana, mpishi wa biriani akalipwa nusu. Tukafika kwenye sare ya akina mama. Dada mmoja wa mjini akatuma picha ya doti ya kanga, kijani kibichi na pindo la manjano. Kanga nzuri, wallahi.

Shangazi yangu mkubwa akajibu neno moja: "Sivai."

Kabla ya isha mtu mwengine kaleta picha ya doti ya zambarau. Kabla ya alfajiri tulikuwa na magurupu mawili, wahazini wawili, na bibi harusi mmoja analia Wete. Kwa msiotoka kwetu: Zanzibar hizo si rangi tu. Vyama sitavitaja kwenye habari za nyumbani, mwenye kujua keshajua.

Kilichonitia mawazo ni shangazi mwenyewe. Ana miaka sabini na ushei, kadi ya chama hajawahi kuishika, mkutano wa hadhara hajawahi kwenda. Nikampigia nimtulize. Badala ya kuniambia habari ya kanga, akaniambia habari ya kisima.

Alipokuwa na miaka sita au saba, kwao walikuwa wakichota maji kwenye kisima cha jirani mwenye shamba la mikarafuu. Siku zote hakuna aliyeuliza kisima cha nani. Siku moja mama yake kafika na ndoo, mke wa jirani akamwambia kwa adabu kabisa, bila ya kupandisha sauti: "Mwenzangu, kachote kwa chama chako." Mwanamke huyo ndiye aliyemzalisha mama yake. Toka siku ile wakawa wanateremka mpaka bondeni, ndoo kichwani. Leo kuna bomba, kisima kimeota majani, na shangazi bado anazunguka njia ya mbali akienda kwa mwanawe, asipite pale.

Nikapiga hesabu: hiyo ni 1960 au 1961. Ndicho kipindi wazee wanakiita Zama za Siasa. Jina lenyewe linachekesha, kana kwamba kabla yake siasa haikuwapo na baada yake ilikwisha.

Nimesoma kidogo na kuuliza sana, na kinachonishangaza ni jinsi watu walivyoamka haraka. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki walikataa ng'ombe wao wachomwe sindano, huku ardhi yao imekwisha kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wakakamatwa, wenzao wakaja juu, polisi wakafyatua risasi. Vita vya Ng'ombe, tarehe 30 Julai. Katika moshi ule wanakijiji wakaunda chama chao cha raia wa Sultani, na mwaka 1955 kikawa Hizbu. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika iliyokuwapo toka 1934 ikaungana na Washirazi, ikapatikana Afro-Shirazi. Julai mwaka huo huo watu wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Viti sita tu, lakini palipatikana pa kuanzia.

Na wote walikuwa wanasikia! Radio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954. Barazani mmoja anayejua kusoma alikuwa anawasomea kumi wasiojua, huku gazeti la Mwongozi, kule Afrika Kwetu. Baraza moja ya kahawa ikawa mbili kwa sababu ya gazeti. Ukitaka kujua gurupu la WhatsApp lilizaliwa lini, lilizaliwa pale.

Kisha yakaja mengine. Maskwota, waliokuwa wakilima kwenye mashamba ya wengine, wakatolewa kwa sababu ya kura. Waliotolewa na ndugu zao wakasusa maduka ya upande wa pili. Wake wakaachwa. Watu hawakuzikana. Yote haya kabla ya risasi hata moja ya Mapinduzi.

Swali langu kwenu: kule kuamka ndiko kulikotuvunja, au kuna kitu chengine kilichopanda jahazi hilo hilo?

---

Mtu wa Singida

Daah, mkuu, hiyo ya kanga nimecheka halafu nikaacha kucheka.

Sisi huku bara wazee walikuwa na hofu hiyo hiyo. Tume ya Nyalali ilipozunguka nchi nzima mwaka 1991 kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi, kama asilimia 80 walisema kimoja kinatosha. Vijana wa sasa wakisikia hivyo wanaona wazee walikuwa wajinga au wametishwa. Mimi baba yangu alikuwa kwenye hao 80, na hakutishwa na mtu. Aliniambia: "Niliogopa tutaanza kuulizana." Serikali ikaufuata ushauri wa tume badala ya hesabu ya waliohojiwa, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi.

Sasa ninachojiuliza: mbona huku kwetu hatujafika kwenye visima? Msibani turubai ni moja, mwenye fulana hii na mwenye fulana ile wanakula wali sahani moja, ubishi mkubwa ni Simba na Yanga. Sisemi huku hakuna shida, zipo, tena nzito. Lakini kususiana mazishi? Kwa nini huko?

---

Tumbili wa Jozani

Nimeweka kambi hapa. Leteni kahawa.

---

Chaza Mkavu

Mkaa Barazani, umeandika vizuri, ila umeteleza mahali pamoja na ndipo penyewe.

Umesema "hakuna aliyeuliza kisima cha nani". Mwenye kisima atauliza nini? Anayechota ndiye alijua siku zote kwamba si chake. Skwota alikuwa analima mihogo chini ya mikarafuu ya mtu, anapalilia shamba la mtu, anaishi kwa ridhaa ya mtu. Akiinama vizuri, anachota. Wazee wetu wengine wanaukumbuka ule utulivu na kuuita umoja. Inategemea ndoo uliishika wewe au uliwashikia wenzio.

Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926. Mwafrika wa kwanza kutiwa humo ni 1946. Miaka 20 watu wanatungiwa sheria za ardhi yao na jasho lao, na hapakuwa na ugomvi wa sare. Wachukuzi wa bandarini walipogoma 1948 na mji ukasimama, hapakuwa na chama cha siasa hata kimoja cha kulaumiwa. Kwa hiyo siasa ilitukuta tumekwisha gawika, tena kwa kabila, kwa shamba, kwa kadi ya mchele wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilichofanya ni kutoa sauti.

Na tukija kwenye kura zenyewe: Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kama asilimia 54 ya kura zote, ikapata viti 13 kati ya 31. Hizbu na ZPPP, chama cha tatu wakati ule, wakawa na viti 18 kwa pamoja, wakachukua serikali. Uhuru Disemba 10. Mapinduzi Januari 12. Hapo hakuna mtu aliyevunjwa na kuamka. Watu waliamka, wakajifunza kuhesabu, wakaona majibu hayafanani na hesabu. Ukitaka kumlaumu mtu, mlaumu aliyechora mipaka ya majimbo kabla hujamlaumu aliyesomewa gazeti.

---

Mkaa Barazani (mwanzisha uzi)

Chaza, umenishika pabaya. Ni kweli, kisima kilikuwa na mwenyewe, na shangazi ananisimulia akiwa upande wa ndoo. Nalipokea hilo lote.

Lakini halinimalizii. Maana aliyefukuza na aliyefukuzwa pale wote walikuwa Wapemba, wote Washirazi, na shamba la jirani halikuwa kubwa kuliko la babu yangu kwa kitu cha kutaja. Mwaka 1956 walikuwa wanazalishana. Mwaka 1961 hawapeani maji. Ardhi haikubadilika katika miaka mitano hiyo. Kilichobadilika ni nini?

Nadhani jibu la Mtu wa Singida na jibu la kisima ni moja, nalo ni udogo wa hesabu.

Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilichukuliwa kwa kura moja. Moja! Kwa kiti hicho Afro ikawa na 10, Hizbu 9, na watatu wa ZPPP wakagawika, wawili kwa Hizbu, mmoja kwa Afro. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali ya nchi nzima ikakwama, ikabidi warudie Juni. Siku ya kura, Juni mosi, ikachafuka Unguja, na mpaka fujo zinatulia watu 68 wamekufa.

Sasa jiweke Chake Chake, Februari 1961, upande ulioshindwa. Kila unayekutana naye njiani aliyepiga kura upande ule ndiye ile kura moja. Muuza samaki ndiye. Mke wa jirani ndiye. Singida ukishindwa unashindwa na mamilioni, huwezi kumnunia mtu. Kwetu aliyekushinda unamjua jina, unajua anapolala, na umekula futari kwake.

Tena angalia 1995, vyama vingi viliporudi. Urais wa Zanzibar, Dk. Salmin Amour asilimia 50.2, Maalim Seif wa upinzani 49.8. Pemba viti vyote 21 upande mmoja. Vizazi viwili vimepita, Mapinduzi yamepita, miaka karibu thelathini ya chama kimoja imepita, na hesabu imerudi pale pale ilipoachwa. Ukichanganya na desturi ya mshindi kubeba chungu na mfuniko wake, kazi za serikali, ardhi, mpaka nani kijana wake aingie kikosi gani, utaona kwa nini kura haiwezi kuwa siri ya mtu na Mola wake.

Halafu kuna sheha. Ndugu wa bara, huko mna mwenyekiti wa mtaa mnayempigia kura. Kwetu sheha anateuliwa. Kuandikishwa kupiga kura unatakiwa uwe mkaazi wa hapo kwa muda, miezi 36 ilikuwa, na anayesema wewe ni mkaazi au si mkaazi ni sheha. Mtu mmoja kijijini, anayekujua toka unatambaa, ndiye mwenye ufunguo wa kitambulisho chako. Mkigombana kuhusu mbuzi wake aliyekula mihogo yako, mmegombana na daftari la wapiga kura.

---

Ngalawa Haina Brek

Porojo tupu. Huyu ni wa kule, kajificha nyuma ya shangazi. Waulizeni 2001 nani alivunja amani. Waulizeni nani alitaka kumrudisha Sultani. Mnapenda kulialia tu.

---

Mkaa Barazani (mwanzisha uzi)

Nyuma ya shangazi yangu hapajifichi mtu, ni mwembamba kama ufito. Karibu kahawa.

---

Mshimoni

Ndugu zangu, miye natoka Shimoni, pwani ya Kenya, na kwa kuwa 2001 imetajwa nitasema niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa mvulana.

Ilikuwa mwisho wa Januari. Tulizoea madau ya Pemba kuja na karafuu na kurudi na vitu vya dukani, hilo halikuwa geni. Wiki ile madau yakaja na watu. Wanaume wenye majeraha yaliyofungwa na leso, akina mama na watoto, wazee. Walifika kama elfu mbili na ushei hivi kwa jumla, kijiji chetu si kikubwa, msikiti ukajaa, skuli ikajaa. Tume ya serikali yenu baadaye ilihesabu waliokufa 31 katika maandamano ya upinzani ya tarehe 26 na 27, wengine wakahesabu zaidi. Baadaye wakimbizi wengi wakapelekwa mbali, Dadaab, kwenye mchanga na miiba, watu waliozoea bahari.

Nataka kusema jambo dogo. Bibi yangu aliwapa chumba familia mbili. Siku ya pili akagundua familia hizo hazizungumzi. Wote wamekimbia risasi hizo hizo, dau hilo hilo. Wamenuniana kwa sababu mmoja nduguye alikuwa chama cha serikali. Bibi akachemsha uji sufuria moja, akaweka vijiko, akafunga mlango kwa nje. Sijui walisemezana nini humo ndani. Alipofungua sufuria ilikuwa tupu.

---

Chaza Mkavu

Mshimoni, bibi yako angefaa kuwa msuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Waliletewa mmoja 1999, Muafaka wa vyama viwili ukasainiwa, haukufika popote. Muafaka wa pili 2001, Oktoba, baada ya hayo uliyoyaona. Nao ukafa taratibu.

Narudi kwenye hoja ya "udogo wa hesabu". Nimeipenda, na sikubaliani nayo yote. Ipimeni kwa 2010. Karume mdogo, rais wa Zanzibar wakati ule, na Maalim Seif walikutana Ikulu Novemba 2009, wawili, bila mzungu wa kusuluhisha. Julai 2010 kura ya maoni: tuwe na serikali ya umoja wa kitaifa au hapana? Asilimia 66.4 ndiyo. Oktoba uchaguzi: Dk. Shein 50.1, Seif 49.1. Hesabu finyu kama 1995! Na safari hii hapakuwa na mtu aliyekimbilia Shimoni. Kwa hiyo ufinyu wa kura hauui. Kinachoua ni ile nusu ya pili ya maneno yako, chungu na mfuniko. Aliyeshindwa akijua naye atapata mahali jikoni, jirani anarudi kuwa jirani.

Ninakumbuka Idi zile. Kuna barazani kwetu pale mjini watu ambao hawajanywa kahawa pamoja toka 1995 wakawa wanagombea bao. Wanachapana maneno, wanacheka. Miaka mitano hivi.

Halafu ikaja Oktoba 2015. Watu wamekwisha piga kura tarehe 25, wanasubiri matokeo, tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha, anatokea kwenye televisheni anasema uchaguzi wote umefutwa. Machi 2016 ukarudiwa, upande mmoja ukasusa, mshindi akapata asilimia 91. Hesabu finyu ikaondoka kabisa, si ndivyo? Asilimia 91 kwa nchi ambayo 2010 mshindi wake alipata 50.1. Na ndipo visima vikarudi.

Kwa hiyo narekebisha yangu na yako: watu wanaweza kuishi na kushindwa kwa kura moja. Wasichoweza kuishi nacho ni kutohesabiwa.

---

Mtu wa Singida

Aisee. Nauliza kwa nia njema: hiyo serikali ya umoja haikuua upinzani? Kila mtu akiwa jikoni, nani anaonja chumvi?

---

Chaza Mkavu

Swali la haki. Iliua kiasi. Baraza la Wawakilishi lilipoa mpaka wengine wakawa wanasema limekuwa kikao cha ukoo. Ndiyo bei yake. Mimi ningeilipa. Najua wenzangu wengi wa upande wangu hawangelipa, na Maalim aliporudi tena ndani ya serikali Disemba 2020, baada ya uchaguzi ule wa majonzi, walimlaumu mpaka siku aliyofariki, Februari 2021. Wengine waliomlaumu walilia kuliko mimi.

---

Bi Mkubwa wa Micheweni

Assalamu alaykum. Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Mwanangu ndiye kanifungulia humu.

Nawasoma wanangu mnapiga hesabu, viti kumi na moja, asilimia sijui ngapi. Sawasawa. Mimi ni mwosha maiti wa wanawake kijijini kwetu, nilirithi kwa mama yangu.

Baada ya ule uchaguzi wa marudio, 2016, kijiji chetu kiligawika kama Mkaa Barazani anavyosema. Tulisusiana duka. Samaki akitoka pwani anaulizwa mvuvi ni nani. Gari ya abiria ya fulani haipandwi hata mvua inanyesha. Tulikuwa wengi sisi, wao kidogo, nyumba saba au nane. Hakuna kiongozi aliyekuja mlangoni kwangu na fimbo. Tulifanya wenyewe, na nikisema tulilazimishwa nitakuwa nasema uwongo na umri huu.

Mwezi wa tano akafariki mwanamke wa nyumba hizo. Tulicheza upatu pamoja miaka 11. Mtoto wangu wa tatu alipokuwa na surua yeye ndiye alikesha naye nikapata kulala. Asubuhi ile nilisikia kilio, nikajua. Nikaitoa ndoo yangu, nikatoa mkasi wa sanda na karafuu maiti na sabuni, nikaviweka karibu na mlango. Nikakaa.

Kuosha maiti ni fardhi kifaya, wakifanya baadhi imewatoka wote. Hiyo ndiyo hila niliyojipa. Nikajiambia watapatikana wa kumwosha. Na walipatikana, walitolewa kijiji chengine kwa gari. Nilisikia ile gari inapita mbele ya nyumba yangu kwenda, na nilisikia inarudi. Vyombo vyangu viko pale pale karibu na mlango. Mume wangu hakusema kitu. Mchana alikula kidogo akatoka.

Sikwenda. Na alfajiri ile hapakuwa na Tume wala sheha ndani ya chumba changu. Nilikuwa mimi na ndoo.

Nyinyi mnaotafuta kitu kilichobadilika baina ya 1956 na 1961, mimi nitawaambia namna ilivyokuwa kwangu. Kabla ya siasa nilikuwa nikimchukia mtu najua ni chuki, naona haya, naenda nae taratibu mpaka inapoa. Mwaka ule nilimchukia mtu nikaona ni msimamo. Nikaona nina haki. Nikaona hata nikimwonea huruma nawasaliti wenzangu waliopigwa na mazombi, wale wa kufunika nyuso, huko mjini. Sikuona haya hata kidogo. Haya imenijia baadae, na sasa haiondoki.

Arubaini yake nilikwenda. Walinipokea. Walinipa mkeka mzuri, na hilo lilinikata kuliko wangelinifukuza.

---

Tumbili wa Jozani

Bi Mkubwa, nimeweka simu chini mara mbili nikisoma. Mungu akuweke.

---

Ngalawa Haina Brek

Mama, pole. Nami nina yangu ya mwaka huo. Si leo.

---

Chaza Mkavu

Sina la kuongeza kwa Bi Mkubwa. Naiondoa ile sentensi yangu ya "kutohesabiwa". Ni kweli lakini haitoshi.

---

Mkaa Barazani (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimekaa kimya siku tatu. Wengi mmeniuliza harusi imefikia wapi.

Nilimsomea shangazi maandishi ya Bi Mkubwa kwa simu, yote, mpaka pale kwenye mkeka. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza: "Huyo aliyekufa hakuacha mtoto wa kike?" Nikamwambia sijui, haikuandikwa. Akasema, "Muulize." Bi Mkubwa, ukipata nafasi, shangazi anauliza.

Habari ya sare, imeundwa kamati. Kijani na manjano hapana, zambarau hapana. Mtu kaleta buluu yenye nyeupe na nyekundu, wazee wakaguna, hiyo nayo ina historia yake, tena ndefu. Nyeupe tupu wakasema tunakwenda harusini, hatuendi Makka. Nyeusi hakuna aliyethubutu. Kwa kweli sikujua mpaka wiki hii kwamba tumekwisha rangi. Mwisho mama wa bibi harusi akasema rangi ya karafuu kavu, hudhurungi, basi, na asiyetaka aje na buibui.

Imepita, ingawa mtu wa Muscat keshauliza karafuu ni ya upande gani, maana bei yake hupangwa na serikali.

Magurupu bado ni mawili. Wahazini wamekubaliana kupika jungu moja, kwa sababu mpishi alikataa kurudisha nusu ya pesa. Shangazi kaagiza doti moja, kasema asishonewe kitu mpaka aione kwa macho.